Mafua Hayashuki na Mvua

Kipupwe kimeingia, na kama ilivyo kila mwaka msimu huu, ukipita sokoni, kanisani, msikitini au ndani ya daladala, unasikia watu wakipenga na kupiga chafya. Muulize mmoja wao amepatwa na nini, atakujibu papo hapo: ni mabadiliko ya hali ya hewa. Mwingine atasema alinyeshewa juzi. Bibi atamlaumu binti aliyemtoa mtoto barazani alfajiri bila soksi, na jirani atalaumu vumbi la barabarani. Kila nyumba ina mshitakiwa wake, na karibu wote hao hawana hatia.

Mafua huletwa na mtu. Hilo ndilo neno langu leo, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu, kwa sababu anayeamini kwamba mafua yanatoka angani hujikinga vibaya, na akishaugua hujitibu vibaya zaidi.

Turudi nyuma hadi mwaka 1914, katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, madaktari wa Ulaya walikuwa wamegundua bakteria wa kifua kikuu, wa kipindupindu na wa magonjwa mengine mengi, kwa hiyo wengi wao walikuwa wakimtafuta bakteria wa mafua. Shida ni kwamba pua ya binadamu, hata ya mtu mwenye afya njema, haikosi bakteria. Kila aliyechungulia kamasi kwenye hadubini aliona bakteria, na alikuwa tayari kusema huyu ndiye. Profesa mmoja wa mji huo, Walther Kruse, akaamua kuwaondoa bakteria wote kwanza, kisha aone kitakachobaki kitafanya nini. Alichukua kamasi la msaidizi wake aliyekuwa na mafua, akalizimua kwa maji ya chumvi, akalipitisha kwenye chujio lenye matundu madogo mno ambayo bakteria hawapiti. Maji yaliyotoka upande wa pili akawadondoshea puani wafanyakazi 12. Wanne wakashikwa na mafua. Akarudia kwa wanafunzi 36, na 15 kati yao wakaugua.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Kilicholeta mafua kilikuwa kimepita mahali ambapo bakteria hapiti. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba hakuna hadubini ya wakati ule iliyoweza kukionyesha. Sisi leo tunakiita kirusi. Lakini mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, na ugunduzi ule ukakaa miaka mingi bila wengi kuufuatilia. Ni mpaka kufikia mwaka 1930 hivi ndipo Alphonse Dochez na wenzake, huko New York, waliporudia jaribio la namna hiyo, safari hii wakianza na sokwe mtu. Sokwe waliotiwa puani maji yaliyochujwa kutoka kwa binadamu mwenye mafua wakaanza kutoka makamasi kama sisi. Liwekeni akilini hilo la sokwe, nitalirudia.

Sasa, mtu ataniambia: sawa, kirusi kipo, lakini baridi ndiyo inayokiamsha. Ni hoja ya haki, na imepimwa zaidi ya mara moja.

Mimi ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka Spitsbergen, kisiwa cha Norway kilicho karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya dunia. Huko kulikuwa na kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe kilichoitwa Longyear City, chenye watu wapatao mia tano. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa miezi, na zamani zile bahari ilipoganda hakuna meli iliyoweza kufika. Watu walikuwa peke yao hadi barafu iyeyuke. Watafiti wawili wa Marekani, Paul na Freese, walikaa nao mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kuchunguza mafua. Kama baridi ndiyo iletayo mafua, hapo ndipo mahali ambapo watu wangepenga usiku na mchana. Kumbe sivyo. Kadiri majira ya baridi kali yalivyosonga, mafua yalipungua hadi karibu kwisha kabisa. Halafu mwezi Mei, hali ya hewa ikianza kuwa nafuu, meli ya kwanza ikatia nanga na kuteremsha watu na barua. Siku chache baadaye mafua yakaenea kijiji kizima. Wakazi wale walikuwa wamekwisha kuishi na baridi ya kugandisha bahari bila kudhurika pua. Kilichowaangusha ni wageni.

Waingereza nao wakataka kuhakikisha. Mwaka 1946, karibu na mji wa Salisbury, kilifunguliwa kituo cha utafiti wa mafua katika mabanda ya hospitali iliyojengwa na Wamarekani wakati wa Vita vya Pili. Mwanzilishi wake alikuwa Christopher Andrewes, mmoja wa wanasayansi watatu waliokitenga kirusi cha homa ya mafua makali, yaani influenza, mwaka 1933. Watu wa kujitolea walialikwa kukaa pale siku kumi, wawili wawili au watatu watatu katika banda, chakula bure na fedha kidogo za matumizi. Walikatazwa kuwakaribia wengine. Walidondoshewa puani ama maji yenye ugonjwa ama maji matupu ya chumvi, na hakuna aliyeambiwa amepata yapi. Leso walizopengea zilihesabiwa na kupimwa uzito. Mpaka kituo kilipofungwa takribani miaka arobaini na mitatu baadaye, watu karibu 20,000 walikuwa wamepita hapo. Nawapa heshima watu hao. Wengi hawakuwa wagonjwa. Walikubali kuugua ili sisi tujue.

Jaribio mojawapo la Salisbury lilihusu baridi yenyewe. Baadhi ya waliojitolea walioga maji ya moto, kisha wakasimamishwa katika ujia wenye upepo wakiwa na nguo za kuogelea zilizolowa, nusu saa nzima, na baada ya hapo wakavaa soksi zilizolowa maji. Wengine walifanyiwa hayo na kutiwa kirusi pia, wengine wakatiwa kirusi pekee. Waliopigwa na baridi bila kutiwa kirusi hawakupata mafua. Kati ya waliotiwa kirusi, baridi haikuleta tofauti ya kuaminika. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani, wakifanya kazi na wafungwa waliojitolea huko Texas, walifikia jibu hilohilo.

Nisingekuwa mkweli kwenu kama ningeishia hapo. Mwaka 2005, huko Cardiff, watafiti waliwaalika watu 180, nusu yao wakatumbukiza miguu katika maji baridi kwa dakika 20. Siku nne au tano zilizofuata, 13 kati ya waliotumbukiza miguu walisema wameshikwa na mafua, na 5 tu kati ya wale ambao hawakutumbukiza. Lakini hawakupimwa kama kweli walikuwa na kirusi. Halafu mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakitumia seli za njia ya hewa ya panya, walionyesha kwamba katika ubaridi wa puani kinga ya seli hupambana na kirusi kwa nguvu ndogo kuliko katika joto la ndani ya mwili. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mtu aliyekwisha kubeba kirusi bila kujua, baridi ikimpiga, kirusi hupata nafasi. Hilo silikatai. Baridi inaweza kumfungulia mlango mgeni aliyekwisha kufika. Lakini haiwezi kumuumba. Mgeni huyo alikuja na mtu.

Na kuna sababu nyingine inayofanya mafua yaongezeke mvua ikinyesha, na hii kila mmoja wetu anaijua. Mvua inapokolea abiria hufunga vioo vya daladala. Watoto sabini hubanana darasani na madirisha yamefungwa. Familia hukaa jikoni kuzunguka moto. Hewa anayotoa mmoja ndiyo anayovuta mwenzake. Mvua imewakusanya tu. Ugonjwa wamepeana wao kwa wao.

Basi kirusi chenyewe ni kipi? Hapa kuna jambo ambalo nafikiri watu wangelijua, wasingeendelea kuuliza kwa nini wataalamu wameshindwa kutengeneza chanjo ya mafua huku wakiweza mambo makubwa zaidi.

Andrewes alihangaika zaidi ya miaka kumi kukikuza kirusi cha mafua maabara na hakufanikiwa. Katikati ya miaka ya 1950, Marekani, vilipatikana virusi vya kwanza vya jamii ambayo baadaye iliitwa rinovirusi, yaani virusi vya pua. Mwaka 1960, David Tyrrell na wenzake pale Salisbury wakapata njia ya kuvikuza vingi. Siri ilikuwa joto. Seli za maabara zilikuwa zikiwekwa katika joto la mwili, nyuzi 37. Wao wakashusha hadi nyuzi 33, joto la ndani ya pua, ambayo hupozwa na kila pumzi tunayovuta, wakapunguza na magadi katika maji ya kukuzia. Virusi vikaota. Tangu hapo milango ikafunguka, na kila walipotafuta wakakuta aina nyingine, na nyingine tena. Leo zinajulikana aina zaidi ya 160 za rinovirusi, katika makundi matatu: A, B na C. Kundi la C halikujulikana hadi mwaka 2006, kwa sababu seli za kawaida za maabara haziliotishi.

Na rinovirusi, ingawa ndizo nyingi kuliko zote, si peke yake. Vipo virusi vya korona vinne ambavyo vimekuwa vikileta mafua ya kawaida kwa miaka mingi kabla ya UVIKO-19. Viwili vilipatikana katika miaka ya 1960, vingine mwaka 2004 na 2005. Vipo virusi vya adeno, vya parainfluenza, vya metanimo, na kirusi kiitwacho RSV, ambacho kwa mtu mzima ni mafua tu, lakini kwa mtoto mchanga kinaweza kushuka hadi kwenye mapafu na kuua.

Sasa rudini kwenye zile aina 160. Akina mama mnaonisikiliza mtanielewa haraka. Chukueni khanga doti kwa doti: pindo moja, mji mmoja, rangi moja, lakini kila doti ina jina lake. Mwili wa binadamu ukishapona mafua hutengeneza kingamwili inayoitambua khanga kwa jina lake lililoandikwa, si kwa pindo. Kirusi cha jina lile hakitakusumbua kwa muda. Lakini wiki sita baadaye anakuja mwenye pindo lilelile na jina jingine, na kingamwili zinampisha. Ndiyo maana mtu mzima hushikwa na mafua mara mbili hadi nne kwa mwaka, na mtoto mdogo, ambaye hajasoma hata jina moja, mara sita hadi nane, na hilo si dalili kwamba kinga yake ni mbovu. Wataalamu wa chanjo wamewahi kuchanganya aina 50 katika sindano moja na nyani wa maabara wakatengeneza kingamwili dhidi ya karibu zote. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini zimebaki aina nyingine zaidi ya mia.

Haya si mambo ya Ulaya tu. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako joto halina likizo, watafiti wa taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust walichukua sampuli za pua za wanafunzi wa shule moja ya msingi, kuanzia Mei 2017 hadi Aprili 2018. Rinovirusi ndizo zilizoonekana kuliko virusi vingine, na hazikuwa aina moja wala mbili. Walikuta makumi ya aina, za makundi yote matatu, zikiingia na kutoka katika shule moja ndani ya mwaka mmoja. Watafiti wa huko Kilifi pia walizifuata kaya zenye watoto wachanga ili wajue nani hukiingiza kirusi cha RSV nyumbani. Mara nyingi alikuwa kaka au dada mkubwa, tena hasa yule anayekwenda shule. Kwa hiyo, bibi, yule mtoto wa miezi mitatu hakuugua kwa kukosa soksi. Alibusiwa na dada yake aliyetoka darasa la pili na kamasi.

Kirusi husafiri kwa njia mbili, na wanasayansi walibishana miaka kuhusu ipi ina nguvu zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha kwamba mkono wenye kamasi ukishika mkono mwingine, na ule wa pili ukigusa pua au kufikicha jicho, ugonjwa umehama. Jicho lina njia ya kupeleka machozi puani, na kirusi hupita humo. Wenzao wa Wisconsin wakawakalisha wagonjwa na wazima mezani wacheze karata saa kadhaa, baadhi ya wazima wakiwa wamevishwa vizuizi ili wasiweze kujigusa uso hata wakitaka. Wakaugua vilevile, maana hewa ilitosha. Zote mbili ni kweli, basi: nawa mikono, na fungua dirisha. Na katika kunawa, sabuni na maji yanayotiririka ni bora kwa rinovirusi kuliko kile kimiminika cha kupaka mikononi, kwa sababu kirusi hiki hakina lile ganda la mafuta ambalo spiriti huliyeyusha kwa urahisi. Kinatakiwa kisuguliwe na kusombwa na maji.

Niliwaahidi sokwe. Magharibi mwa Uganda upo msitu wa Kibale, na ndani yake kundi la sokwe mtu linaloitwa la Kanyawara, ambalo limefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi. Mwaka 2013 sokwe hao walianza kukohoa na kutoka makamasi. Kati ya sokwe 56, watano wakafa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka miwili; mzoga wake ulichunguzwa, na ikaonekana mapafu yake yameharibiwa na nimonia. Kirusi kilichokutwa ni rinovirusi ya kundi C, kirusi cha binadamu. Ni kilekile ambacho mtoto wa kijijini hukipenga kwa wiki moja, akaendelea kucheza. Watafiti walipotazama urithi wa sokwe wa mahali hapo waliona kwamba sehemu ya seli ambayo kirusi hiki hujishikiza, kwao iko katika umbo linalokipokea kwa urahisi, umbo ambalo miongoni mwa binadamu wengi limekwisha kupungua. Mwaka 2009, nchini Rwanda, sokwe jike wa milimani, yaani gorila, na mtoto mchanga walikufa katika mlipuko wa ugonjwa wa njia ya hewa, na kirusi cha metanimo, nacho cha binadamu, kikapatikana ndani yao.

Sokwe wale hawakunyeshewa mvua ambayo hawajawahi kuizoea. Msitu ni wao na mvua ni yao tangu waumbwe. Kilichokuwa kigeni msituni ni pumzi zetu. Ndiyo maana anayekwenda kuwatazama hutakiwa kukaa mbali nao, kuvaa barakoa, na akiwa na mafua abaki nyuma. Ukiwa mwongoza watalii, mlinzi wa hifadhi au mkata kuni pembezoni mwa msitu, mafua yako si jambo dogo hata kidogo. Na kama chafya ya binadamu inaweza kumwua sokwe mwenye nguvu kutushinda, tusishangae ikimwangusha mzee wetu mwenye moyo dhaifu au mtoto mwenye pumu. Madaktari wa pumu wanajua kwamba kwa watoto, sehemu kubwa ya mashambulizi ya ghafla ya kubanwa kifua huanzishwa na rinovirusi.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi, nalo liko kwenye duka la dawa la mtaani.

Kijana anaingia, anasema: nipe amoksilini na panado, nina mafua. Anapewa. Wakati mwingine fedha haitoshi dozi nzima, anakatiwa vidonge sita. Mama anakuja siku ya nne na mtoto, anasema kamasi lilikuwa jeupe sasa limegeuka kijani, limekuwa kali, nipe Septrini. Anapewa. Nimesimama kwenye foleni hizo na nimeyasikia hayo mara nyingi.

Amoksilini huua bakteria kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wake. Kirusi hakina ukuta huo. Hakina chochote ambacho amoksilini inaweza kukigusa. Ni maganda ya protini yamefunika uzi mfupi wa maelekezo ya urithi, basi. Kinaingia ndani ya seli yako, kinaiamuru itengeneze nakala zake, na dawa inapita pembeni ikiua bakteria wengine wasio na kosa waliomo tumboni. Hilo kamasi la kijani nalo si alama ya bakteria. Rangi ile hutoka ndani ya chembe nyeupe za damu zako mwenyewe, ambazo zimefika puani kupigana, zimekufa, na zinatoka zikiwa na kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Kwa kweli karibu mateso yote ya mafua ni kazi ya mwili wenyewe. Rinovirusi huharibu seli chache tu. Kuziba, kuwasha, chafya na maji yanayotiririka ni ulinzi umeamshwa, na siku ya saba hadi ya kumi unatulia. Aliyemeza amoksilini siku ya tano akapona siku ya nane huishukuru amoksilini. Jirani yake ambaye hakumeza kitu naye kapona siku ileile.

Kuna utafiti uliofanyika hapa Tanzania ambao natamani ungebandikwa katika kila zahanati. Mwaka 2008, Dar es Salaam na Ifakara, watoto 1,005 waliofika wakiwa na homa walipimwa kwa kina kuliko ilivyo kawaida. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kati ya hao ni asilimia 5 tu waliothibitishwa na picha ya eksirei kuwa na nimonia. Malaria, ambayo sisi huifikiria kwanza, ilikuwa asilimia 10.5 ya watoto wote. Walipojumlisha yote, watoto saba kati ya kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wengi wa watoto hao walihitaji maji, maziwa ya mama, dawa ya kushusha homa, na mtu wa kuwatazama kwa makini.

Kila kidonge cha amoksilini kinachomezwa bure kinawafundisha bakteria kukizoea. Mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria walikuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Na amoksilini hiyohiyo, katika vidonge vya kuyeyuka kwenye maji, ndiyo dawa ya kwanza tunayoitegemea kumwokoa mtoto mwenye nimonia. Tunaichezea dukani, kisha tunaitaka itusaidie wodini.

Mtu akiwa na mafua afanye nini basi? Anywe vya kutosha. Apumzike na alale. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwatia kirusi watu 164 ambao usingizi wao ulikuwa umepimwa, na waliokuwa wakilala chini ya saa sita walishikwa na mafua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Asali inatuliza kikohozi, ila asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Chai ya tangawizi ni burudani na haina ubaya. Kujifukiza kunaweza kumpa mtu mzima nafuu ya muda, lakini hakuui kirusi, na tafadhali msimweke mtoto karibu na sufuria ya maji yanayochemka. Kamasi la mtoto mchanga lilainishwe kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa kwa kazi hiyo na kufutwa, ili aweze kunyonya. Na mkubwa mwenye mafua, hasa siku tatu za mwanzo anapoambukiza zaidi, asimbusu mtoto, akohoe kwenye kiwiko, na akiweza asiende kubanana na watu.

Duka la dawa mnaweza kulipita bila hofu kwa mafua. Yapo mambo, hata hivyo, ambayo si mafua tena, na kila mlezi ayajue. Mhesabie mtoto pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mtazame kifua akiwa hana nguo: kama sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya na kunywa, au amelegea haamki vizuri, au amepata degedege, msisubiri kuche na msiende kununua vidonge. Mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo.